Leza, faibagilasi na mapafu ya mafundi wa Arusha

Ukipita gereji za Arusha zinazogeuza Land Cruiser kuwa magari ya utalii, utamkuta fundi kajifunga kitambaa puani, anakata paa la faibagilasi kwa grenda. Vumbi limemjaa hadi kope, na usiku ngozi itamwasha hata akioga mara mbili. Kwa hiyo vijana wanaposema tununue leza tuachane na mateso haya, nawasikiliza kwa makini. Leza haigusi inachokikata, haina diski ya kuisha, na inafuata mchoro wa kompyuta bila mkono kutetemeka.

Ila leza si moja. Ya kwanza duniani, ile aliyowasha Theodore Maiman huko California Mei 1960, ilitoa mwanga kwenye fimbo ya rubi iliyotengenezwa kiwandani, jiwe la aina ileile inayochimbwa Longido. Huo ndio ukoo wa leza za kitu kigumu, zinazotoa mwanga kwenye fuwele au kioo. Mwaka 1964 ikafuata fuwele ya kutengenezwa iitwayo YAG, iliyotiwa metali ya neodimiamu, na leo nyuzi za kioo zilizotiwa metali ya itebiamu ndizo zinazokata vyuma viwandani. Hizi hugeuza karibu theluthi ya umeme kuwa mwanga, wakati leza ya gesi ya kaboni dayoksaidi hupata kama sehemu moja tu ya kumi. Kwa anayelipia luku, hilo si dogo.

Lakini mwanga wa itebiamu una wimbi lenye urefu wa karibu mikrometa 1, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Chuma huumeza, kioo huuacha upite. Na faibagilasi ni nyuzi za kioo zilizoshikwa na rezini, gundi inayoganda na kuwa ngumu. Mashine iliyonunuliwa kwa ajili ya chuma itababua paa kabla ya kulikata vizuri. Wimbi la mikrometa 10.6 la leza ya gesi ndilo linalomezwa na kioo na rezini pamoja.

Nyuzi za kaboni, ambazo nazo hushikwa na rezini, zina kisa kingine. Mwanga zinaumeza vizuri, lakini hazigeuki mvuke mpaka joto lipite digrii 3,000, ilhali rezini inaharibika kwa digrii mia chache tu. Joto husafiri ndani ya uzi, likala rezini mbali na mkato, na tabaka zikaachana. Dawa inayojulikana ni mipigo mifupi ya mwanga ya pikosekunde (sehemu ya trilioni ya sekunde) au chini yake, inayoondoa kitu kabla joto halijasambaa. Mbinu ya wanafizikia Donna Strickland na Gérard Mourou ya 1985 ya kuipa mipigo hiyo nguvu kubwa, iliyowapa Nobel mwaka 2018, ndiyo iliyofungua njia hiyo. Inafanya kazi safi, ila polepole, na mashine zake ni ghali mno kwa gereji.

Kinachoniumiza zaidi ni afya. Leza haimalizi uchafu, inaugeuza kuwa moshi wa rezini iliyoungua, na bila feni ya kuutoa nje fundi atauvuta wote. Tena mwanga wa mikrometa 1 hauonekani. Unapita hadi nyuma ya jicho na kuunguza retina bila maumivu, na miwani ya kawaida ya karakana haiuzuii. Vumbi la grenda angalau linawasha, mtu akajua ameumia.

Kwa hiyo msimamo wangu: leza ya itebiamu ije kwa kazi za chuma, keria na bampa, ikiwa ndani ya kasha lililofungwa. Paa likatwe kwa diski ya almasi, kivuta vumbi kikiwa kando na barakoa ya kweli usoni. Mkonge wetu, ukishikwa na rezini kuwa ubao, nauona tofauti. Uzi wake na rezini huharibika kwa joto lisilopishana sana, hivyo leza ya gesi inaukata ubao wake kwa urahisi zaidi, ingawa ukingo hutoka mweusi. Hapo Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru na Chuo cha Ufundi Arusha wana kazi ya kufanya.

Na anayekwenda kununua mashine kesho abebe kipande cha paa lake, kikatwe mbele yake. Kisha aukunje ukingo kwa koleo, aone tabaka zimeachana kiasi gani, kabla hajatoa hata shilingi.