"Baki njiani": kibao kinachoudhi watazamaji wa rangi za vuli

Vuli, majira ya majani kupukutika kabla ya baridi, miti ya mepo (maple) inapoanza kuwaka nyekundu, hifadhi za misitu ya Amerika Kaskazini hufurika watu, na kibao kinachowaudhi wengi ni kile cha maneno mawili: Baki njiani, yaani usiiache njia. Wanaokipinga si wakorofi. Wanasema msitu hufurahiwa kwa kuuingia, na si kwa kuuchungulia juu ya mabega ya waliotangulia. Wanasema pia mtoto anayekatazwa kugusa majani hatajali yakija kukatwa. Hoja yao nzito zaidi ni hii: ifikapo vuli mimea ya chini imeshanyauka, basi mguu unaharibu nini zaidi ya majani makavu yanayosubiri kuoza? Mbona kulungu wanapita watakapo?

Hoja hiyo inastahili jibu, na hifadhi nyingi hazilitoi. Zinasimika kibao, basi.

Jibu linaanzia kwenye hesabu. Mtafiti wa Marekani David Cole, pamoja na Neil Bayfield, walichapisha mwaka 1993 utaratibu wa kupima athari za kukanyaga: vipande vya ardhi vyenye upana wa nusu mita vinapitiwa mara 25, 75, 200 na 500, kisha mimea iliyobaki inapimwa. Kinachojirudia katika utafiti wa aina hii ni kwamba madhara hayaongezeki sawasawa na idadi ya miguu. Kwenye mimea laini ya kivulini, hatua za mwanzo ndizo zinazoharibu kwa kasi. Baadaye kila mguu unaoongezeka hukuta kidogo cha kuharibu. Tazama maana yake kwa kundi la watu sita wanaoacha njia kupiga picha chini ya mti mmoja. Wakiingia na kutoka mara mbili, wameshapita mara 24. Asubuhi moja, kundi moja, na kipimo cha kwanza cha watafiti karibu kimetimia. Kwa hiyo "mimi peke yangu sitadhuru" ni kweli kwenye njia iliyokwisha kushindiliwa, lakini si kweli hatua tatu kando yake. Hesabu hiyohiyo inaonyesha kwa nini kuwatawanya wageni msituni ili wasisongamane ni kosa: unazidisha sehemu zinazopata zile hatua za mwanzo.

Na vuli je, mimea ikiwa imelala? Machipukizi ya msimu ujao yako pale pale, usawa wa udongo au chini yake kidogo. Udongo wenyewe umelowa, na udongo uliolowa hushindilika kwa urahisi kuliko mkavu. Nafasi za hewa zikishabanwa, mizizi myembamba, ambayo mingi iko karibu na uso wa ardhi, inakosa pumzi. Chini ya majani yaleyale "makavu" ndipo chura wa misitu wa Amerika Kaskazini anapopitisha baridi, sehemu kubwa ya maji ya mwili wake ikiwa imeganda. Kulungu hubana udongo pia, ila hawapangi foleni chini ya mti mmoja uliosifiwa mtandaoni.

Kuna kejeli hapa. Mti unaogeuka rangi wiki kadhaa kabla ya wenzake mara nyingi ni mti ulioelemewa, na udongo ulioshindiliwa juu ya mizizi ni mojawapo ya sababu. Ule mwekundu wa mapema unaovuta kamera kando ya njia huenda ndio unaoumia.

Raha nayo haipungui sana kama inavyodhaniwa. Jani hung'aa zaidi mwanga unapolipenya, kwa hiyo asubuhi au jioni simama mahali ambapo mti uko kati yako na jua. Siku ya mawingu baada ya mvua rangi hukolea, lakini jani lililolowa humetameta. Kichujio cha polaraizi, kioo kinachofungwa mbele ya lenzi, ukikizungusha taratibu, huondoa mng'ao huo. Lenzi ya milimita 70 hadi 200 huvuta tawi karibu bila mguu kutoka njiani. Tena wiki ya kilele si pekee yenye rangi. Mepo nyekundu za kwenye majimaji hutangulia, mepo za sukari na birchi hufuata, mialoni huja baadaye, na lachi, ndugu wa msonobari anayepukutisha sindano zake, hufunga msimu kwa dhahabu. Mlimani rangi huanzia juu na kushuka, kwa hiyo aliyechelewa ashuke bondeni.

Upande wa hifadhi una deni lake pia. Majani yakiziba mifereji ya pembeni, maji hutiririka katikati ya njia, tope linatokea, watu wanalizunguka, na njia ya mita moja inakuwa ya mita tatu. Kumwambia mgeni apite katikati ya tope ni sawa, naye avae kiatu kisichopitisha maji chenye soli ya meno, kwani majani yaliyolowa huteleza na kuficha mizizi na mawe. Lakini mifereji ilipaswa kuzibuliwa kabla ya msimu na tena katikati yake, na pale watu wanaposimama kutazama pawekwe jukwaa la mbao. Amri isiwe moja kila mahali: mwamba mtupu na changarawe hazidhuriki kwa nyayo, na nyasi kavu za uwazini huvumilia kuliko mimea ya kivulini. Kufunga kamba hata juu ya mwamba kunawafundisha watu kupuuza kamba zote.

Watoto nao wapewe majani yao, yale yanayofagiliwa kwenye maegesho na viwanja vya nyasi fupi, yakiondolewa mawe na matawi kwanza. Wakimaliza wakaguliwe nyuma ya magoti, kiunoni na kwenye nywele: kupe waliokomaa wa miguu myeusi bado wanatafuta damu Oktoba na Novemba.