Walt Disney wa wahamasishaji simtaki

Nimetumiwa tena ile klipu. Mhamasishaji kavaa suti ya kubana, anapaza sauti: Walt Disney alifukuzwa gazetini kwa kukosa ubunifu! Alinyimwa mkopo na benki 302! Wewe unakata tamaa kwa nini? Ukumbi mzima makofi.

Benki hizo nani alikaa akazihesabu? Na hilo gazeti linalotajwa siku zote, Kansas City Star, Walt alilijua tangu utotoni: yeye na kaka yake Roy walikuwa wakilisambaza nyumba kwa nyumba alfajiri, baridi ikiwakata, kwa amri ya baba yao.

Chumvi naivumilia, sote tunatia. Ninachoshindwa kuvumilia ni hadithi yenye mtu mmoja tu. Ub Iwerks, mchoraji wake mkuu, mmemficha wapi?

Mapema mwaka 1928 Walt alikwenda New York kumwomba Charles Mintz, msambazaji wake, aongeze fedha za katuni za sungura Oswald. Mintz akamjibu kwamba fedha zitapunguzwa, na kwamba wachoraji wa Walt karibu wote ameshawasainisha mkataba wa kumfanyia kazi yeye Mintz. Oswald mwenyewe kisheria alikuwa mali ya Universal. Umelima wewe, shamba la mwenzio. Wanamuziki wetu wanaijua vizuri hiyo.

Iwerks alikataa kusaini. Wale waliosaini walikuwa bado wanakuja studioni kumalizia Oswald, kwa hiyo yeye alijifungia chumbani akachora Plane Crazy, katuni ya kwanza kutengenezwa ya panya Mickey Mouse. Mezani aliweka michoro ya sungura, ili mtu akibisha hodi panya afunikwe upesi. Inasemekana alifikisha michoro 700 kwa siku. Kwa mkono, jamani, mtu mmoja! Walt wakati huo kuchora katuni alishaacha. Alichompa Mickey ni sauti; ndiye aliyemsemea mpaka miaka ya 1940.

Mwaka 1930 Iwerks alichoka akaondoka. Kwa asilimia 20 aliyokuwa anamiliki katika studio alilipwa dola 2,920. Isome tena hiyo namba, halafu fikiria kila begi la shule lenye masikio ya yule panya. Mwaka 1940 alirudi palepale, safari hii mwajiriwa.

Haya, nikiri kidogo. Iwerks alipofungua studio yake hakufua dafu. Mkono alikuwa nao, lakini jicho la kuona watu watapenda nini lilikuwa la Walt. Filamu ya katuni Snow White ya 1937 ilimeza karibu dola milioni moja na nusu huku Hollywood ikimwona kichaa, ikawalipa wote. Kujenga Disneyland, bustani ya burudani iliyofunguliwa 1955, aliwauzia kampuni ya runinga ya ABC kipindi, nao wakaweka fedha kwenye bustani. Kisha akatumia kipindi hichohicho kuinadi. Huo ni ujanja wa mjini, siupingi.

Ila mahesabu alikuwa akihangaika nayo Roy. Walt alipofariki Desemba 1966, Roy alikuwa na miaka 73 na alikuwa anawaza kustaafu. Akabaki, akaisimamia ile bustani ya Florida mpaka ikafunguliwa Oktoba 1971, akasisitiza iitwe Walt Disney World. Jina lake mwenyewe hakuliweka.

Na mgomo wa 1941 je? Art Babbitt, mmoja wa wachoraji waliolipwa vizuri kabisa pale, alisimama na chama cha wafanyakazi kwa ajili ya wenzake waliokuwa wakilipwa makombo. Walt akamfukuza. Wachoraji wakagoma, na mwaka 1947 Walt akaiambia kamati ya Bunge la Marekani kwamba nyuma ya mgomo ule walikuwapo wakomunisti. Babbitt alikwenda kwenye sheria, akashinda, Walt akalazimika kumrudisha kazini. Mtu aliyekuwa ameshashiba, akaacha sahani yake kwa ajili ya wengine: hakuna hata mhamasishaji mmoja anayemtaja.