Mshale juu ya skrini

Mpwa wangu yuko kidato cha pili, na ndiye aliyenionyesha jinsi farasi anavyopanda ukuta. Alikuwa anacheza Skyrim, gemu ya tano katika mfululizo wa Elder Scrolls wa kampuni ya Bethesda, na mshale wa misheni yake, yaani alama ya juu ya skrini inayoonyesha iliko kazi aliyopewa, ulikuwa unaelekeza ng'ambo ya mlima. Barabara ilikuwepo. Imetandikwa mawe, inafuata mto, na mahali fulani inapita chini ya minara miwili iliyounganishwa na daraja, ambako majambazi wanakusimamisha wakudai ushuru. Kijana hakuiona. Alimwelekeza farasi kwenye jabali, akawa anabonyeza pedi, farasi anapanda kidogo, anateleza, anapanda tena kwa pembeni kama mbuzi. Dakika tano nzima. Nilipomuuliza kwa nini asipite barabarani, alijibu bila kugeuka, "Mjomba, si mshale uko huku?"

Ugomvi mkubwa kati ya wapenzi wa gemu za RPG, zile za kuishi kama mhusika katika dunia ya kubuni, wote umo katika jibu hilo. Unapamba moto zaidi kila Elder Scrolls ya sita inapotajwa, maana gemu hiyo ilitangazwa Juni 2018 kwa kipande cha video kisichofika dakika moja, milima tu na muziki, na tangu hapo mashabiki wamekuwa na muda wa kutosha kubishana kuhusu kitu ambacho bado hakijaonekana. Upande mmoja unataka mshale uondoke, turudi enzi za Morrowind. Upande mwingine unasema anayetaka kupotea akapotee kwake, wengine tuna kazi kesho.

Kwa asiyejua, Morrowind ni ya tatu katika mfululizo huo, ilitoka mwaka 2002, na haikuwa na mshale wa kukuonyesha unakokwenda. Unaanza ukiwa mfungwa aliyeachiwa katika kijiji cha pwani, unapewa kifurushi, unaambiwa umpelekee mtu anayeitwa Caius Cosades mji wa Balmora. Anakaa wapi? Fika mjini, ulizia kwenye kilabu cha pombe. Basi unapanda usafiri, ambao ni mdudu mrefu kama ghorofa, unashuka, unatafuta kilabu, unamuuliza mwenye kilabu, naye anakuelekeza nyumba. Kila misheni ilikuwa hivyo. Vuka daraja, fuata mto, ukiona mwamba fulani pinda kulia.

Mtu wa kwetu haoni cha ajabu hapo. Tanzania ilifanya operesheni ya anwani za makazi mwaka 2022, nguzo zikasimikwa na nyumba zikapewa namba, lakini bodaboda bado anakupigia kukuuliza uko wapi, nawe unamjibu kwa mwembe, fundi viatu na geti la bluu. Anayekuelekeza pia anakuonyesha yeye ni nani. Mlevi anaelekeza kwa kupitia baa, na mama wa sokoni anaelekeza kwa kupitia vibanda vya mboga. Wanaoitamani Morrowind wanaikumbuka raha hiyo: unapata njia, na papo hapo unamjua mtu aliyekupa njia.

Sasa niwe mkweli. Niliicheza gemu hiyo kwenye kompyuta ya mtumba, daftari pembeni, na kuna siku niliichukia kwa moyo wote. Karibu na mwanzo unatumwa kwenye magofu ya Arkngthand kuchukua kisanduku. Pita ngome, tafuta daraja la kale linalovuka bonde, magofu yako ng'ambo. Hapo sawa. Ukifika mlangoni, mlango haufunguki mpaka ugundue kwamba kuna bomba jirani lenye mpini wa kuzungusha. Ukiingia ndani, kisanduku chenyewe ni kidogo, kimekaa rafuni kama vyombo vingine visivyo na maana, katika jengo lenye vyumba na mapango. Nilizunguka humo jioni mbili, na katikati ya jioni ya pili umeme ukakatika kabla sijasevu. Ukiniambia kuna utukufu hapo, nitakuomba uje uniambie tena ukiwa gizani.

Kuna jambo jingine ambalo wazee wa Morrowind hawalisemi. Gemu ile ni maandishi matupu, na ni Kiingereza kigumu. Kwa kijana ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu, baada ya ya nyumbani na Kiswahili, aya tatu za kuelezea kijito na kilima ni mtihani wa darasani. Mshale hauhitaji kamusi. Nimeona watoto waliomaliza Skyrim yote bila kuelewa nusu ya maneno yake, na walifurahi. Siwezi kusema hawakuicheza.

Ndiyo maana sikubali hadithi kwamba mshale uliletwa na uvivu. Ulikuja na Oblivion, gemu ya nne ya mfululizo, mwaka 2006, na ukitazama kilichobadilika mwaka huo utaona sababu. Kwanza, kila mhusika alianza kusema kwa sauti, wakiwemo waigizaji wa sinema kama Patrick Stewart na Sean Bean. Maelekezo ya aya nzima, ambayo mwanzo yaligharimu muda wa mwandishi tu, sasa yanataka studio, mwigizaji na nafasi kwenye diski, na ukibadilisha mahali pa daraja inabidi urekodi upya. Pili, wahusika walipewa ratiba. Katika Morrowind mfanyabiashara anasimama dukani mchana na usiku mpaka mwisho wa dunia. Katika Oblivion anafunga duka, anakwenda kula, anakwenda kulala, na wengine wanasafiri mji hadi mji. Ukiambiwa "yuko dukani kwake" na ukafika saa tatu usiku, umedanganywa. Mshale ulikuwa njia rahisi ya kumfuata mtu anayetembea.

Kwa hiyo dunia iliyo hai zaidi ndiyo iliyozaa mshale. Wanaotaka vyote viwili, uhai wa Oblivion na maelekezo ya Morrowind, wanaomba kitu kigumu kuliko wanavyodhani.

Lakini mshale ulikuja na deni, na deni lenyewe silo lile linalotajwa sana. Wengi wanalalamika kwamba macho yanabaki juu ya skrini na mandhari yanageuka kuwa karatasi ya ukutani. Ni kweli, mpwa wangu ni shahidi. Mimi kinachonisumbua zaidi ni walioandika gemu. Mshale ukishakuwepo, mwandishi hana tena sababu ya kuandika njia. Ndiyo maana katika Skyrim, ya mwaka 2011, mhusika unayemuuliza mahali anakuambia atakuwekea alama kwenye ramani yako, na mazungumzo yanaishia hapo. Mtu aliyeishi bonde lile miaka yote, na hana hata neno moja la kusema juu ya njia ya kwenda jirani!

Nilifanya jaribio na mpwa wangu. Skyrim inakuruhusu kuiondoa misheni kwenye orodha ya zinazofuatiliwa, na mshale wake unapotea. Nikamwambia azime yote. Misheni ya kwanza ilikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Ukitoroka mwanzoni mwa gemu, mwenzako anasimama njiani anakuonyesha magofu ya Bleak Falls Barrow yaliyo juu mlimani, na kutoka kijiji cha Riverwood unayaona kwa macho yako, matao meusi juu ya theluji. Kijana alipanda mlima bila mshale, akapita mnara, akafika. Alikuwa anatazama, anasimama, anageuza kichwa. Nilijipongeza kimoyomoyo.

Misheni iliyofuata ilikuwa ya kuua mkuu wa majambazi, zile ambazo unapewa barua na mwenye nyumba ya wageni. Barua ilikuwa na jina la mahali, basi. Haikutaja mto wala upande, hata "kaskazini ya hapa" haikuwepo. Vibao vya njia panda vinataja miji, havitaji mapango. Kijana alimuuliza mwenye nyumba ya wageni, naye hakuwa na la kuongeza. Aliniangalia mimi. "Mjomba, sasa naenda wapi?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia arudishe mshale.

Hapo ndipo ushauri wa "kama huupendi, uzime" unapovunjika. Kuzima mshale katika gemu iliyoandikwa ikiutegemea ni kama kung'oa vibao vya barabara halafu uwakute wenyeji wote mabubu. Chaguo la kweli linataka kazi ifanyike mapema, kabla ya kitufe chenyewe kuwekwa. Assassin's Creed Odyssey ya mwaka 2018 ilijaribu hivyo: mchezaji alichagua mwanzoni kati ya kuongozwa na kuchunguza, na aliyechagua kuchunguza aliambiwa mtu anayemtafuta yuko jimbo gani, kusini ya nini, karibu na nini. Maelekezo yale yalikuwa makavu, kama fomu iliyojazwa, lakini yalikuwepo, na mtu alifika kwa kuyasoma.

Wapinzani wa mshale siku hizi wanaitaja gemu ya Elden Ring kama shahidi wao mkuu. Imetoka Februari 2022, haina orodha ya misheni, haikushiki mkono isipokuwa kwa mwale wa dhahabu unaoashiria upande, na bado imeuza nakala zaidi ya milioni 30. Hoja nzito, inaua kabisa dai kwamba soko halitaki ugumu. Ila nimewatazama wanavyoicheza. Pedi mkononi, simu pajani, na kwenye simu kuna ukurasa wa mashabiki unaoeleza kila mhusika amehamia wapi, kwa sababu wahusika wa gemu ile wanahama bila kuaga na misheni zao zinakufa kimya kimya. Mshale haukuondoka, ulihamia simuni. Waundaji wenyewe, FromSoftware, walilegeza kamba mwezi uliofuata: sasisho la Machi 2022 lilianza kuweka kwenye ramani alama na jina la mhusika uliyekwisha kukutana naye. Alama hiyo ndogo nadhani ilikuwa sahihi. Inakukumbusha ulipomwona mtu, mengine unajaza mwenyewe.

Baldur's Gate 3, gemu ya kampuni ya Larian ya Agosti 2023, inanifundisha jambo tofauti. Ina alama kwenye ramani, nyingi tu, na sijasikia mtu akilalamika sana. Sababu naiona hivi: alama zake zinakufikisha mahali, hazikupi jibu. Kambini kwa magoblini, vijitu viovu vya hadithi, unajua viongozi watatu wako wapi. Utawaua vipi, au utawaua kweli, ni shauri lako. Unaweza kutia sumu kwenye pombe yao, kuingia kwa maneno matamu, kupigana mlangoni, au kugeuka na kujiunga nao. Mpwa wangu na mimi tungeufuata mshale mmoja tukatoka na hadithi mbili. Katika misheni nyingi za Skyrim mshale unakupeleka pangoni, ndani ya pango, mpaka kwenye sanduku lenyewe, na ukifika hakuna kilichobaki cha kuamua.

Starfield, ya Bethesda hiyo hiyo na ya mwaka huo huo wa 2023, ilikwenda upande wa pili kabisa. Ni gemu ya anga za juu, na ilipotoka, kutoka sayari hadi sayari ulisafiri kwa menyu, kwa hiyo hata barabara ya kuipuuza haikuwepo. Kichekesho ni kwamba gemu yenye kifaa cha kukuchorea njia chini ya miguu ilitoka bila ramani za maana za miji yake, na wachezaji walisubiri hadi sasisho la Mei 2024 kuzipata. Yaani walipewa mshale lakini wakanyimwa ramani, ilhali ramani ingewasaidia watu wa pande zote mbili za ugomvi huu.

Msimamo wangu, ukiuliza: maelekezo yaandikwe kwanza, gemu ijaribiwe bila mshale, kisha mshale uongezwe kwa anayeuhitaji, na asionewe kwa kuuhitaji. Ni ghali. Kila sentensi inarekodiwa, inatafsiriwa kwa lugha nyingi, inarekodiwa tena. Kampuni ambayo Skyrim yake imevuka nakala milioni 60 na mshale wake juu ya skrini itauliza, kwa haki kabisa, inalipia nini. Sina takwimu za kuwashinda wahasibu wao. Nina kijana mmoja tu aliyesimama katikati ya theluji akageuza kichwa kutafuta matao meusi, akayaona, na kwa dakika kumi hakutazama juu ya skrini.

Kwa hiyo Bethesda watakapoonyesha Elder Scrolls VI ikichezwa kwa mara ya kwanza, milima sitaiangalia, tumeshaionyeshwa. Nitasubiri mchezaji wao aingie kijijini, amsimamishe mtu, amuulize mahali, nisikie atajibiwa nini.