Chakula cha shule Marekani: nani abebe kazi ya kuthibitisha kipato?

Kila mwaka wa masomo unapokaribia kuanza nchini Marekani, kaya nyingi hupokea karatasi, au siku hizi ujumbe wa simu, unaowataka wazazi waeleze ni watu wangapi wanaishi pamoja, kila mmoja anapata kiasi gani, na analipwa kwa utaratibu upi, ili shule iamue kama mtoto atakula bure, kwa bei iliyopunguzwa, au kwa bei kamili. Fomu hiyo ndiyo lango la mpango wa kitaifa wa chakula cha mchana shuleni, ulioanzishwa kwa sheria iliyotiwa saini na Rais Harry Truman mwaka 1946. Kwa miaka kadhaa sasa kumekuwa na mvutano kuihusu. Wapo wanaotaka ifutwe na kila mtoto alishwe bila kuulizwa lolote, na wapo wanaoona kwamba kumlisha mtoto wa tajiri kwa fedha za umma ni ufujaji. Kila upande una hoja za kusikilizwa, lakini mara nyingi wanabishania bei ya chakula ilhali kiini cha tatizo kiko kwenye kazi ya kuthibitisha kipato, na kwa yule anayebebeshwa kazi hiyo.

Kanuni zenyewe, kwenye maandishi, ni nyepesi. Kaya yenye mapato yasiyozidi asilimia 130 ya kiwango cha umaskini kinachotangazwa na serikali kuu inastahili chakula cha bure; iliyo juu ya hapo lakini haizidi asilimia 185 inastahili bei iliyopunguzwa, ambayo haiwezi kuvuka senti 40 kwa chakula cha mchana na senti 30 kwa kifungua kinywa. Katika mwaka wa masomo wa 2024–25, ukiacha Alaska na Hawaii ambako viwango ni vya juu zaidi, kaya ya watu wanne ilistahili chakula cha bure ikiwa mapato yake ya mwaka hayakuzidi dola 40,560, na bei iliyopunguzwa ikiwa hayakuzidi dola 57,720. Maombi huwasilishwa mara moja kwa kaya nzima, wala hayana msimu: mzazi aliyepoteza kazi mwezi Februari anaweza kuomba mwezi huohuo. Wilaya ya shule ina siku 10 za kazi kutoa jibu.

Ugumu huanzia kwenye visanduku. Tuchukue mzazi wa kaya hiyo ya watu wanne, anayetegemewa peke yake, ambaye hati yake ya mshahara inaonyesha dola 1,600 kabla ya makato. Akiweka alama kwenye kisanduku cha “mara mbili kwa mwezi”, mapato yake ni sawa na dola 38,400 kwa mwaka, na watoto wake wanakula bure. Akiweka alama kwenye “kila baada ya wiki mbili”, kiasi kilekile kinazidishwa mara 26 badala ya 24, kinafika dola 41,600, na watoto wanahamia kwenye bei iliyopunguzwa. Kwa mtu aliyezoea mshahara wa mwisho wa mwezi, visanduku hivyo viwili vinasema jambo moja. Wengine hujiponza kwa kuandika kiasi kinachoingia mkononi, ilhali fomu inataka mapato kabla ya kodi na bima kukatwa; wengine humwacha ndugu au rafiki wanayeishi naye na kugawana naye mapato na matumizi, ambaye kwa kanuni ni mwanakaya hata kama hawana udugu wa damu. Kisha kuna hofu ya wahamiaji, ambayo ni ya kweli hata pale isipokuwa na msingi. Fomu haiulizi uraia wala hali ya uhamiaji; inachotaka ni tarakimu nne za mwisho za namba ya Hifadhi ya Jamii ya mtu mzima mmoja, na asiye na namba hiyo anaweka alama tu kwamba hana. Lakini mzazi anayeona neno “serikali” juu ya karatasi inayouliza majina ya wote waliomo nyumbani hahitaji kusoma zaidi ili aamue kuiweka kando.

Wanaoitetea fomu wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyokubali. Ya kwanza ni ya fedha. Serikali kuu hulipa shule zaidi ya dola 4 kwa kila chakula cha mchana kinacholiwa bure, na chini ya senti 60 kwa kile kinacholiwa na mtoto wa bei kamili. Pasipo namna ya kuwatenganisha, ama serikali kuu iwalipie wote, ama jimbo na wilaya zifukie pengo hilo. Watetezi huuliza kwa nini fedha hiyo isitumike kuboresha chakula chenyewe, au kuwafikia watoto wakati wa likizo ya kiangazi ambapo shule zimefungwa, badala ya kumpunguzia gharama mzazi ambaye hakuwahi kulalamika. Hilo si swali la kejeli, na wanaotaka chakula cha bure kwa wote wanapaswa kulijibu kwa hesabu.

Hoja ya pili husikika kidogo, nami naiona kuwa na uzito zaidi: fomu huzaa takwimu. Kwa miongo mingi idadi ya watoto waliosajiliwa kwa chakula cha bure au cha bei iliyopunguzwa imetumika kama kipimo cha umaskini wa shule, na wilaya nyingi huitegemea zinapogawa fedha za Title I, ambazo ni msaada wa serikali kuu kwa shule zenye watoto wengi wa kipato cha chini. California ni mfano mzuri. Jimbo hilo limekuwa likimlisha kila mtoto wa shule za umma bure tangu mwaka wa masomo wa 2022–23, lakini kwa kuwa utaratibu wake wa kugawa fedha za elimu huongeza fungu kwa watoto wa kipato cha chini, shule nyingi bado zinawaandama wazazi kwa fomu ya mapato. Chakula kimekuwa bure na maswali yamebaki, isipokuwa sasa mzazi haoni faida ya papo kwa papo ya kuyajibu.

Hoja ya tatu, ya udanganyifu, ndiyo dhaifu. Ni kweli kwamba mwombaji hujitangazia mapato yake mwenyewe. Ndiyo maana kila msimu wa mapukutiko wilaya huchagua sampuli, kwa kawaida asilimia 3 ya maombi yaliyokubaliwa, ikianza na yale yaliyo karibu na kikomo, na kuzitaka familia hizo zilete hati za mshahara kabla ya katikati ya Novemba. Asiyejibu huondolewa. Uchunguzi wa Wizara ya Kilimo ya Marekani katika wilaya kubwa za mijini, uliochapishwa mwaka 2004, uligundua kwamba takriban nusu ya familia zilizoondolewa kwa kutojibu zilikuwa na kipato kinachostahili. Wavu uliotegwa kwa ajili ya waongo ulikuwa unawanasa waliohama nyumba, waliokosa kuielewa barua, na wasio na muda wa kwenda kutoa nakala.

Upande wa wapinzani wa fomu, neno linalotajwa zaidi ni aibu. Sheria hairuhusu mtoto anayekula bure kutambulishwa mbele ya wenzake, na siku hizi keshia huona namba ya akaunti tu, kwa hiyo aibu ya foleni na tiketi za rangi imepungua, ingawa haijaisha. Linalosumbua zaidi sasa ni deni. Hadhi ya mwaka uliopita huendelea kutambuliwa kwa siku 30 za kwanza za masomo, kisha hukatika ikiwa mzazi hajawasilisha maombi mapya. Mtoto anaendelea kupanga foleni kama kawaida, akaunti yake inaanza kutozwa bei kamili, na barua ya kwanza ya deni inafika nyumbani karibu na Oktoba. Kuna shule zilizowahi kumnyang’anya mtoto trei ya chakula cha moto na kumpa mkate baridi kwa sababu ya deni la mzazi, jambo lililoisukuma New Mexico kupitisha sheria ya kulikomesha mwaka 2017. Aghalabu mtoto wa namna hiyo alistahili kula bure tangu mwanzo. Kilichokosekana ni karatasi.

Kati ya kambi hizi mbili kuna njia ambayo imekuwa ikipanuka kimyakimya: kumsajili mtoto bila kumuuliza mzazi. Sheria ya mwaka 2004 ilizitaka wilaya zilinganishe orodha za wanafunzi na orodha za SNAP, yaani msaada wa chakula wa serikali kuu, ili watoto wa kaya hizo wasajiliwe moja kwa moja. Wale wasio na makazi, na walio chini ya malezi ya serikali, nao hustahili bila hesabu ya mapato. Sheria ya mwaka 2010 ikaongeza hatua nyingine: shule yenye kiwango fulani cha watoto waliotambuliwa hivyo inaweza kuwalisha wote bure kwa miaka minne mfululizo bila kukusanya fomu za chakula. Kiwango hicho kilikuwa asilimia 40, kikashushwa hadi asilimia 25 mwishoni mwa mwaka 2023.

Kushushwa huko kulishangiliwa, lakini hesabu yake inahitaji uangalifu. Asilimia ya waliotambuliwa huzidishwa kwa 1.6 ili kupata sehemu ya vyakula inayolipiwa kwa kiwango cha bure. Shule yenye asilimia 62.5 inalipiwa vyakula vyote. Yenye asilimia 25 inalipiwa asilimia 40 tu, na vilivyobaki hulipiwa zile senti chache. Ruhusa imetolewa, fedha hazikufuata. Aidha, mfumo mzima umeegemea SNAP na Medicaid, yaani bima ya afya ya umma kwa watu wa kipato cha chini, na sheria iliyotiwa saini Julai 2025 imebana masharti ya mipango hiyo miwili. Kaya ikitolewa SNAP, watoto wake hawahesabiwi tena kwa njia hiyo, na shule iliyokuwa imevuka kikomo kwa tofauti ndogo inaweza kurudi kwenye fomu.

Je, majimbo yaliyoamua kulisha wote? California na Maine zilitangulia, zikafuatwa na mengine, yakiwamo Minnesota, Vermont, Michigan na Massachusetts. Colorado inafundisha zaidi kuliko yote, kwa sababu wapiga kura waliulizwa. Mwaka 2022 waliridhia kupunguza nafuu za kodi kwa wenye mapato ya dola 300,000 na zaidi ili kugharamia mpango huo. Watoto waliokula wakawa wengi, gharama zikazidi mapato yaliyotengwa, na mwezi Novemba 2025 wakaombwa kuongeza fedha, wakakubali. Mpinzani atasema gharama zilikadiriwa vibaya, naye atakuwa sahihi. Mtetezi atasema watoto waliojitokeza ndio ushahidi kwamba fomu ilikuwa ikiwazuia baadhi yao, naye hakosei.

Kwa maoni yangu, shule iliyojaa watoto wa kipato cha chini haina sababu ya kudai fomu, kwa kuwa kuwachambua wachache wenye uwezo kunagharimu kazi isiyolingana na kinachookolewa. Kwa wilaya za watu wenye nafasi, siwezi kusema hivyo kwa uhakika uleule; pale hoja ya kuelekeza fedha kwa wahitaji bado inasimama, mradi mhitaji apatikane bila kusumbuliwa. Ninaloona limesahauliwa na pande zote ni kundi la katikati, lile la asilimia 130 hadi 185. Kaya hizi mara nyingi hazimo kwenye SNAP, hivyo ndizo zinazotegemea fomu kuliko zote, na zikishaijaza hutozwa senti 40 ambazo kikomo chake hakijabadilika tangu miaka ya 1980 na ambazo, kwa familia ya watoto watatu, hugeuka kuwa deni kabla ya Krismasi. Baadhi ya majimbo yameamua kulipa senti hizo yenyewe. Vilevile majimbo mengi yameruhusiwa kutumia kumbukumbu za Medicaid, ambazo huonyesha mapato, kuwasajili watoto moja kwa moja hata kwa bei iliyopunguzwa. Jimbo lisilo na uwezo wa kulisha wote linaweza kuanza na hatua hizo mbili kwa pamoja, kwa gharama ndogo sana ikilinganishwa na ya Colorado.