Mungu wa Wamormoni: ubishi hauko kwenye mwili

Mkristo akijadiliana na Mmormoni, muumini wa kanisa alilolianzisha Joseph Smith huko Marekani, kama Mungu Baba ana mwili, hufungua Yohana 4:24: "Mungu ni Roho." Mwenzake hujibu kwa Luka 24:39, ambapo Yesu mfufuka anawaonyesha wanafunzi nyama na mifupa yake. Wanaweza kukesha hapo wasifike popote.

Fundisho lenyewe halifichwi. Katika kitabu chao cha maandiko, Mafundisho na Maagano 130:22, maneno ya Joseph Smith ya Aprili 1843, yasema Baba ana mwili wa nyama na mifupa, Mwana vilevile, ila Roho Mtakatifu hana. Ni watatu walio mbalimbali kabisa. Umoja wao ni wa nia na kusudi, si wa asili moja kama mtaguso wa maaskofu huko Nikea ulivyokiri mwaka 325.

Ukilitafuta fundisho hilo katika Kitabu cha Mormoni, andiko lao lingine, la 1830, utapotea. Mosia 15 humo humwita Kristo Baba na Mwana pia. Mihadhara ya imani iliyochapishwa 1835 ilimwita Baba nafsi ya roho. Iliondolewa kwenye maandiko yao 1921. Wakosoaji husema fundisho lilibadilika, na hapo wana haki. Lakini hoja hiyo peke yake haimwangushi anayeamini kwamba ufunuo huja hatua kwa hatua. Nikea nayo haikufafanua habari za Roho Mtakatifu. Ilisubiri mtaguso wa Konstantinopoli, 381.

Penye mgawanyiko hasa ni uumbaji. Kwa Ukristo wa Nikea, Mungu aliumba vyote pasipo kitu, kwa hiyo hakuna kiumbe cha jinsi yake. Smith alifundisha kwamba akili ya mwanadamu haikuumbwa (Mafundisho na Maagano 93:29), na katika hotuba ya Aprili 1844 huko Nauvoo, Marekani, kwamba Mungu aliwahi kuwa kama sisi. Hotuba hiyo haimo katika maandiko yao rasmi, basi isinukuliwe kama aya. Faida ya msimamo huu ni kubwa: neno "Baba" linabeba uzito wake wote, na Mungu halaumiwi kwa uovu wa nafsi ambazo hakuzianzisha. Gharama yake ni Isaya 43:10, "Kabla yangu mimi hakuumbwa Mungu awaye yote", aya ambayo majibu ya Kimormoni bado hayajaitosheleza.

Tofauti hizi kuhusu Mungu zina matokeo: mwaka 2001 Vatikani iliamua kuwa ubatizo wa Wamormoni si halali, ingawa wao pia hubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Wamormoni nao humbatiza upya kila Mkatoliki anayejiunga nao.