Kitabu Nilichokwisha Kukirudisha

Wiki ya mwisho ya mwaka wa masomo ina adabu zake, nazo si adabu njema. Mwanafunzi ambaye mwaka mzima hakuijua njia ya maktaba huonekana mlangoni pake tangu alfajiri, amekumbatia daftari la kuazima. Nguo safi na nguo chafu hulala rundo moja. Madeni ya sabuni na kalamu hudaiwa hadharani, tena kwa sauti. Na juu ya hayo yote huja ile karatasi iitwayo fomu ya kutodaiwa, ambayo sisi wanafunzi huiita klirensi. Karatasi hiyo ina visanduku vitano, cha maktaba, bweni, maabara, uhasibu na idara, na kila kisanduku hudai saini na mhuri wa mtu ambaye ama amekwenda kula, ama yuko kikaoni, ama amekaa pale pale umwonapo lakini ufunguo wa droo ya mhuri ameondoka nao mwenzake. Asiyetimiza mihuri mitano haoni matokeo yake.

Nilianzia maktaba siku ya Jumatatu, kwa sababu huko ndiko nilikoamini kuwa nilikuwa safi kuliko kote. Kijana aliyekuwa zamu aliandika namba yangu kwenye kompyuta, akatazama kioo, akanitazama mimi, kisha akakitazama kioo tena kwa huruma.

"Kaka, unadaiwa kitabu kimoja. Kimepitiliza siku 94."

Kitabu chenyewe kilihusu kumbukumbu ya binadamu. Mimi ni mwanafunzi wa saikolojia, na nilikuwa nimekiazima wiki ya kwanza ya muhula wa pili, kwa muda wa siku 14 kama ilivyo ada. Nilitabasamu kama atabasamuvyo mtu aliyedhulumiwa huku akijua kwamba haki iko upande wake, nikamweleza kuwa kitabu hicho nilikwisha kukirudisha mapema. Nilikumbuka kila kitu. Ilikuwa siku ya mvua kubwa, niliingia maktaba nikiwa nimeloa mabega, nikakitoa kitabu ndani ya koti, nikamkabidhi yule mama mtu mzima anayekaa dirisha la pili, ambaye siku hiyo alivaa sweta ya kijani, naye akakipangusa kwa kiganja na kuniambia, "Vitabu havipendi maji, mwanangu." Niliikumbuka hata sauti yake. Kijana yule alisikiliza hadi mwisho, akasema kwamba kompyuta haina habari za sweta.

Niliporudi bwenini nilimsimulia mwenzangu wa chumba mkasa huo kwa uchungu, nikausimulia tena wakati wa chakula cha jioni, na kabla ya kulala nikaurudia mara ya tatu kwa kuwa nilikuwa nimekumbuka namna ya kuueleza vizuri zaidi. Katika usimulizi huo wa tatu mwenzangu aliinuka kwenye kitanda chake cha juu, akashika paji la uso, akasema, "Hebu ngoja. Si tulikwenda wote siku ile? Tulijibana chini ya mwavuli mmoja, wewe ukaloa bega la kushoto na mimi la kulia." Nami, Mungu anisamehe, nilimwona pale pale. Nilimwona akikunja mwavuli mlangoni mwa maktaba na kuukung'uta maji. Nikashangaa nilikuwaje hata nikamsahau shahidi muhimu kiasi hicho.

Mtu mwenye shahidi hakubali kuonewa. Jumanne yote, ambayo nilikuwa nimeitenga kwa ajili ya kujisomea mtihani wa keshoye, niliitumia kuandika barua kwa mkuu wa maktaba. Ilikuwa na kurasa mbili. Ilianza na "kwa masikitiko makubwa", ikapita kwenye "uzembe usiokubalika katika taasisi ya elimu ya juu", na katika aya ya nne, ambayo niliionea fahari kuliko zote, ilimtaja yule mama wa dirisha la pili na sweta yake kuwa ndiye aliyekipokea kitabu na kukosa kukiandikisha. Nakala nilimpelekea mshauri wa wanafunzi. Mwenzangu alitia saini mahali palipoandikwa "Shahidi", akaomba niongeze neno kuhusu mwavuli, nikaliongeza.

Usiku ulipoingia ndipo nilipokumbuka mtihani, nao ulikuwa mtihani wa somo la kumbukumbu. Kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha, niliamua kutumia mbinu ya kale ambayo asili yake husimuliwa kupitia kisa cha mshairi wa Kiyunani aliyeitwa Simonides. Inasemekana alitoka nje ya ukumbi wa karamu, na punde tu paa likaanguka na kuwaponda wageni wote hata wasitambulike, lakini yeye akaweza kuwataja mmoja mmoja kwa kukumbuka kila mtu alikuwa amekaa wapi. Mbinu yenyewe ni kuchagua mahali unapopajua vizuri, kisha kukitua kila unachotaka kukumbuka katika sehemu yake, ili wakati wa mtihani utembee kwa mawazo ukikiokota kimoja kimoja. Mahali nilipopajua kuliko pote duniani ni chumba chetu, kwa sababu ukikaa katikati yake unaweza kugusa kuta zote nne.

Basi nilimlaza Hermann Ebbinghaus juu ya mto wangu. Huyu ni yule Mjerumani ambaye mwaka 1885 alitangaza matokeo ya majaribio aliyojifanyia yeye mwenyewe, akikariri silabi zisizo na maana kiasi cha 2,300 na kupima jinsi zinavyomtoka kichwani, akagundua kwamba tunasahau sehemu kubwa ndani ya saa za kwanza kabisa, na kwamba baada ya siku 31, alipozikariri upya, jitihada aliyookoa kwa kuwa aliwahi kuzijua ilikuwa kama moja ya tano tu. George Miller, aliyeandika mwaka 1956 kwamba akili hushika kwa mara moja vitu kama saba, kuzidi au kupungua viwili, nilimketisha kwenye kiti chenye nguo saba. Kisha nikafika miguuni pa kitanda. Mguu wa mlangoni nikaupa mada moja, wa ukutani nyingine, na mguu wa dirishani, ule uliopungua urefu ambao tangu muhula uanze ulikuwa umetegewa kifurushi cha gazeti kuukuu ili kitanda kisiyumbe, nikaupa mada niliyoiogopa kuliko zote, yaani upotoshaji wa kumbukumbu. Nilikodolea macho kifurushi kile kwa dakika kumi nzima ili picha yake inigande.

Iliganda. Asubuhi swali la tatu lilitaka tueleze namna kumbukumbu ya shahidi mkweli inavyoweza kuharibika, na mimi nikaenda kwa mawazo moja kwa moja hadi mguu wa dirishani, nikaokota kila kitu. Nilieleza jinsi Elizabeth Loftus na John Palmer, katika utafiti wao wa mwaka 1974, walivyowaonyesha wanafunzi filamu ya magari yaliyopata ajali, kisha wengine wakaulizwa yalikuwa na mwendo gani yalipogongana na wengine yalipobamizana. Baada ya wiki moja wote wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika 50 walioulizwa kwa neno zito, 16 walisema waliviona. Katika 50 walioulizwa kwa neno jepesi, 7. Na katika filamu hapakuwa na kioo hata kimoja kilichovunjika. Nikaandika kwa mwandiko mzuri kwamba wingi wa maelezo madogo madogo na ukunjufu wa msimuliaji si ushahidi kwamba jambo lilitokea, na kwamba watu wawili wanaosimuliana huweza kuambukizana kumbukumbu. Nilijaza kurasa tatu. Nikakabidhi karatasi, nikatoka ukumbini nikiwa mwepesi kama unyoya, nikaenda moja kwa moja kupeleka ile barua.

Ijumaa ilikuwa siku ya ukaguzi wa bweni. Msimamizi wa bweni ni mzee asiyecheka, anayetembea na orodha iliyoandikwa kwa mkono: kitanda cha deka kimoja, magodoro mawili, meza moja, kiti kimoja, balbu moja. Aliingia, akahesabu, akapita kidole juu ya dirisha, akasema hatatia saini hadi uvungu ufagiliwe. Mwenzangu wakati huo alikuwa amepanda juu na sanduku lake, anaruka juu ya kifuniko ili zipu ikubali kufunga.

"Shuka kwanza, nikivute kitanda," nilimwambia.

"Vuta tu, mimi si mzito," akajibu.

Nilivuta. Mguu wa dirishani ulishuka kutoka kwenye kifurushi chake, kitanda kikainama kama ngamia anayepiga magoti, na mwenzangu akateremka kwa mpangilio ambao naukumbuka vizuri, ingawa siku hizi sisemi neno hilo kwa kujiamini: kwanza sanduku, kisha yeye, kisha godoro, kisha mto wangu aliokuwa amelazwa Ebbinghaus. Hakuumia, isipokuwa kwa hasira. Mzee msimamizi aliruka nyuma, na alipohakikisha kwamba orodha yake ingali salama aliinama akaokota kile kifurushi, kilichokuwa kimechanika upande mmoja.

"Na hiki je? Hiki hakimo kwenye orodha."

Gazeti lilikuwa limeachia, na ndani yake kilichungulia kitabu kuhusu kumbukumbu ya binadamu, kikiwa na mhuri wa maktaba kwenye ukurasa wa kwanza.

Hapo ndipo kumbukumbu ya kweli ilipoamka, bila mvua wala sweta. Ilikuwa usiku, wiki ya pili ya muhula. Kitanda kilikuwa kikiyumba kila mwenzangu alipogeuka. Mimi nilikuwa na usingizi, na kitabu kilikuwa na unene kamili uliohitajika. Nilikifunga kwa gazeti kwa heshima ili kisichafuke, nikajiambia ni kwa usiku huu mmoja tu.

Mwenzangu, akiwa bado amekaa sakafuni, alitoa ushauri wa haraka: nikipeleke kimyakimya, nikipachike rafuni mahali pake, kisha nimwombe yule kijana aende akaangalie. Kwa aibu nakiri kwamba ushauri huo niliuona mzuri. Nilikificha ndani ya koti na kuingia maktaba kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Lakini nilipofika kwenye rafu za saikolojia niliwakuta wahudumu wawili, mmoja juu ya ngazi na mwingine chini, wote weupe kwa vumbi hadi kwenye nyusi. Walikuwa wakishusha kitabu kimoja baada ya kingine. Yule wa chini alinieleza, kwa uchovu, kwamba tangu jana wanatafuta kitabu kimoja kwa amri ya mkuu, kwa sababu kuna mwanafunzi ameandika barua kali mno.

"Barua ya namna gani?" nikauliza, kwa kukosa la kusema.

"Ina mpaka mwavuli," akajibu.

Kuna aina ya fedheha ambayo miguu huielewa kabla ya kichwa. Yangu ilinipeleka dirisha la pili, ambako yule mama mtu mzima alikuwa ameketi, mbele yake pana karatasi iliyoandikwa nusu, yenye kichwa cha habari "Maelezo yangu kuhusu tuhuma za kupokea kitabu".

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nilikitoa kitabu ndani ya koti, kama nilivyokuwa nimekitoa mara nyingi kichwani mwangu, nikamkabidhi. Hakukipangusa. Alikitazama jalada, ambalo katikati lilikuwa na duara lililobonyea, la kina na ukamilifu wa kupendeza, akaingiza kidole gumba humo ndani, kikaenea.

"Hiki kilikaliwa na tembo?"

"Na kitanda, mama. Samahani sana. Ile barua niliiandika mimi."

Alivua miwani, akanitazama kwa muda. Kisha akafungua droo, akanionyesha kwenye simu picha ya mtoto mchanga aliyefungwa kwenye shuka la hospitali, na tarehe chini yake. Ilikuwa ni ile wiki niliyodai kumkabidhi kitabu. Mjukuu wake wa kwanza, akasema. Alikuwa likizo, mji mwingine kabisa, akimuuguza binti yake. Na sweta ya kijani, aliongeza akiikunja ile karatasi ya maelezo kwa utulivu uliozidi kuniumiza, hajapata kuwa nayo, kwa kuwa rangi hiyo haimpendezi.

Nililipa faini ya siku 98, pamoja na gharama ya jalada jipya, nikaandika barua ya pili ya kurasa mbili iliyofuta kila neno la ile ya kwanza, na nakala nikampelekea mshauri wa wanafunzi. Wahudumu wale wawili niliwafuata rafuni kuwaomba radhi, wakanipa kitambaa cha vumbi, nikapangusa pamoja nao hadi jioni. Mhuri wa maktaba nikaupata, ingawa mama aliugonga kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Kesho yake nilimsindikiza mwenzangu hadi kituoni na lile sanduku lake lililokataa zipu. Njiani nilimweleza habari yote tangu mwanzo: kwamba hapakuwa na mvua, hapakuwa na sweta, wala hatukwenda maktaba siku hiyo, yeye wala mimi. Alitikisa kichwa akikubali kila hatua, akasema kweli akili ya binadamu ni ya ajabu, tukakumbatiana, akapanda basi. Lilipoanza kuondoka alifungua dirisha, akatoa kichwa nje na kuniita kwa sauti.

"Ule mwavuli wangu uliobaki kwako," alisema, "utanirudishia muhula ujao."