Miunganisho ya hifadhidata katika Python: kufunga kila mara au kuweka hodhi?

Kila programu ya Python inayosoma data kutoka kwenye hifadhidata hulazimika kuamua kama muunganisho utafunguliwa data inapohitajika na kufungwa papo hapo, au utabaki wazi katika hodhi, yaani akiba ya miunganisho iliyo tayari, ukisubiri kazi ijayo. Kiwango cha PEP 249, waraka wa Python kwa maktaba za hifadhidata ulioandikwa mwaka 1999, kinaeleza namna ya kuunganisha, kuthibitisha muamala (kundi la hatua zinazokubaliwa au kubatilishwa pamoja) na kufunga, ila suala la lini ufunge kimemwachia mwandishi wa programu.

Wanaotetea kufunga kila mara wana hoja nzito, kwa kuwa muunganisho uliofungwa haukatiki ukiwa umelala, haubebi muamala uliosahaulika, wala haushikilii kumbukumbu ya seva. Kwa skripti inayoendeshwa mara moja usiku kuandaa ripoti, sioni haja ya njia nyingine. Django, mfumo wa kutengeneza tovuti kwa Python, nayo imeanzia upande huu: CONN_MAX_AGE, mpangilio wa muda wa kuweka muunganisho wazi, isipobadilishwa, ni 0, yaani muunganisho hufungwa ombi linapokwisha.

Hata hivyo, kufungua kuna gharama. PostgreSQL, mojawapo ya seva za hifadhidata, huanzisha mchakato mpya kwa kila muunganisho, pamoja na safari za mtandao na uhakiki wa nywila, hivyo ombi dogo la kusoma safu moja linaweza kutanguliwa na maandalizi marefu kuliko lenyewe. Ndiyo sababu seva za wavuti zenye maombi mengi hutumia hodhi, ambamo miunganisho huazimwa na kurudishwa.

Hodhi nalo linahitaji hesabu, na hapa ndipo ninapoona makosa mengi. Katika SQLAlchemy, maktaba ya Python ya kufanya kazi na hifadhidata, hodhi la kawaida hushika miunganisho 5 na kuruhusu 10 ya ziada, jumla 15. Wengi huichukulia idadi hiyo kuwa ya programu nzima, kumbe ni ya kila mchakato, yaani kila nakala ya programu inayoendeshwa. Ukiendesha michakato 8 unaweza kufikia 120, wakati PostgreSQL isiporekebishwa hukubali 100 tu, na kati ya hiyo 3 imetengwa kwa msimamizi mkuu. Hitilafu haitaonekana hadi siku ya msongamano, na anayekimbilia kupanua hodhi siku hiyo huzidi kuharibu.

Upande wa kufunga nao una mtego wake, neno with la Python. Wengi huamini kwamba with ikizungushiwa muunganisho huufunga mwishoni. Katika sqlite3 na psycopg2, maktaba za kuunganisha Python na hifadhidata za SQLite na PostgreSQL, sivyo: huthibitisha muamala, au huubatilisha kosa likitokea, kisha muunganisho hubaki wazi. Psycopg 3, toleo jipya la psycopg2, imebadili tabia hiyo na huufunga kweli, kwa hiyo mstari uleule una maana mbili kutegemea maktaba iliyo chini yake. Kwa sqlite3, contextlib.closing, zana ya Python inayofunga kitu with inapokwisha, huondoa utata huo, na tangu Python 3.13 muunganisho ulioachwa bila kufungwa hutolewa onyo.

Jambo lisilotajwa vya kutosha ni kwamba katika psycopg2 hata kusoma tu hufungua muamala. Muunganisho ukiachwa hivyo, PostgreSQL inaweza kuzuiwa kusafisha safu zilizokufa, yaani matoleo ya zamani ya safu zilizofutwa au kubadilishwa. Hapa hodhi lina faida ambayo wapinzani wake huisahau: SQLAlchemy hubatilisha muamala wowote uliobaki pale muunganisho unaporudishwa.

Kwa hiyo ninaegemea hodhi kwa seva, kwa sharti kwamba muunganisho ushikwe kwa muda wa kazi ya hifadhidata pekee. Chukua ombi linalosoma safu moja, kisha, likiwa bado limeshika muunganisho, likasubiri jibu la huduma nyingine kwa sekunde 40. Maombi 15 ya namna hiyo humaliza hodhi zima la mchakato. La 16 husubiri sekunde 30, kisha hupewa kosa, ingawa hifadhidata haina kazi yoyote. Soma safu, rudisha muunganisho, ndipo uite hiyo huduma.